Anza na wasiwasi wako: mwongozo kwa wazazi wa watoto wanaopata shida kuzoeana na wenzao

Mtoto anayekaa peke yake wakati wa mapumziko shuleni, anayejificha nyuma ya khanga ya mama yake kila mgeni anapobisha hodi, au anayerudi nyumbani akilia kila anaponyang'anywa mpira, hupewa majina upesi: mpole, mwenye aibu, mtoto wa mama. Wazazi wake humhimiza achangamke, humwombea kwa walimu, na wengine humfungia vitafunwa vya kugawana na wenzake ili apendwe. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine. Unashikilia kwamba mengi anayoyajua mtoto wa miaka 3 hadi 9 kuhusu watu, kama vile iwapo wanaaminika au wanatisha, na iwapo ugomvi huisha au hauishi, ameyapata kwa kumtazama mzazi wake akiwa amebanwa na jambo, na kwamba kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni ya mzazi juu ya nafsi yake. Mzazi hadaiwi awe mtu asiye na wasiwasi. Kinachomkosesha mtoto marafiki mara nyingi ni yale tunayoyafanya ili wasiwasi wetu utuondoke haraka.

Neno mzazi hapa linamhusu baba sawasawa na mama, na pia bibi anayelea wajukuu au mama mdogo aliyeachiwa watoto wa dada yake.

Wasiwasi unavyomfikia mtoto

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ingefaa kila mlezi alijue. Watoto wa umri wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza pana yenye kioo, na chini ya kioo hicho, katikati, palionekana kama pana shimo la kina cha sentimita 30 hivi. Mama alisimama upande wa pili, akiwa ameagizwa aonyeshe furaha au hofu kwa uso tu. Kati ya watoto 19 waliouona uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 waliouona uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja. Mwaka 2002 Friederike Gerull na Ronald Rapee wa Australia waliwaonyesha watoto wadogo nyoka na buibui wa mpira, huku mama akichangamkia kimoja na kukikunjia uso kingine. Watoto walikiogopa na kukikwepa kile kilichokunjiwa uso, na waliendelea kukikwepa kilipoletwa tena dakika chache baadaye, mama akiwa ametulia kabisa.

Sasa litazame geti la shule mwezi Januari, siku ya kwanza ya darasa la awali. Mama amemshika mwanawe mkono, na mkono huo umekaza. Anamrekebisha kola kwa mara ya tatu, anamuuliza mwalimu iwapo choo kiko karibu, kisha anamwambia mtoto, “Usiogope, hakuna kitu,” kwa sauti ambayo mtoto hajawahi kuisikia nyumbani. Mdomo unasema hakuna kitu, mkono unasema kipo. Mtoto wa miaka 5 akikutana na habari mbili zinazopingana namna hiyo, huuamini mkono.

Uso na mkono si njia pekee. Ipo njia ya kumfanyia mtoto jambo ambalo angelifanya mwenyewe: mgeni anauliza, “Unaitwa nani?” na mama anajibu kabla mtoto hajafumbua mdomo. Ipo njia ya habari tunazowapa kuhusu watu, kwa mfano kumwambia mtoto kila jioni kwamba watoto wa nyumba ile ni wakorofi, au kwamba ukimzoea mtu lazima atakuumiza. Ipo pia njia ya ukali, kwa sababu mzazi mwenye wasiwasi haonekani mwoga siku zote. Kwa wengi wetu, na hasa kwa akina baba, wasiwasi hutoka kama kufoka, na mtoto anayefokewa bila kutarajia huenda akaupeleka ukali huo uwanjani au akawa mtu wa kusoma nyuso za watu muda wote badala ya kucheza.

Njia ambayo watu huizungumzia kwa nadra, nami naiona nzito kuliko zote, ni ile ya nyumba kujifunga. Mzazi anayechoshwa na watu hapokei wageni, haendi kwenye shughuli za mtaani, hapiti kwa jirani jioni kusalimia. Mtoto wake huanza shule akiwa hajawahi kuona watu wazima wawili wakibishana juu ya jambo dogo, wakacheka, wakaendelea kumenya viazi. Hajui kwamba ubishi una upande wa pili. Siku mwenzake atakapomwambia “sichezi na wewe,” ataichukulia kauli hiyo kama hukumu ya kudumu, ilhali watoto wengine wanajua kwamba baada ya robo saa wataitana tena.

Kabla ya kwenda mbele, neno kwa mzazi aliyekwisha kuanza kujilaumu. Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa wazito kwa watu na mambo mapya. Jerome Kagan wa chuo kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto wa aina hiyo kwa miaka mingi, tangu uchanga. Tena mambo huenda pande zote mbili, kwani utafiti wa Australia wa mwaka 2009 uliwaketisha akina mama na watoto wa watu wengine, ukaona kwamba mama yeyote, hata asiye na mtoto mwenye wasiwasi, huingilia kazi ya mtoto zaidi anapokuwa na mtoto mwenye wasiwasi. Yaani mtoto mwoga humvuta mtu mzima amsaidie kupita kiasi. Hata hivyo, damu si yote: mwaka 2015 Thalia Eley na wenzake walichunguza familia za mapacha wa Sweden pamoja na watoto wao waliokwisha kuwa vijana, wakaona kwamba kufanana kwa wasiwasi wa mzazi na wa kijana kulielezeka zaidi kwa maisha ya nyumbani kuliko kwa urithi wa kuzaliwa. Maisha ya nyumbani yanaweza kubadilishwa, na ndiyo maana mwongozo kama huu una kazi ya kufanya.

Jijue unavyoikabili dhiki

Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman waligawa namna za kukabiliana na msongo katika makundi mawili makubwa: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzishughulikia hisia zinazoletwa na tatizo. Zote mbili zina mahali pake. Ada inaposumbua, kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu ni kulishughulikia tatizo. Mgonjwa asiye na dawa anapokuwa ndani ya nyumba, kukaa na ndugu na kulia pamoja ni kuzishughulikia hisia, na hakuna aliye na haki ya kukuambia kwamba hiyo si kazi. Matatizo huanza pale namna ya tatu, ya kukwepa, inapokuwa desturi.

Kukwepa kuna sura nyingi, na baadhi yake huonekana kama bidii. Mzazi anayempigia mwalimu simu mara kwa mara kuuliza kama mtoto amekula, au anayeandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa kila mara mwanawe anapotajwa, anaonekana kufuatilia. Kwa kweli anatafuta kuhakikishiwa, na uhakika huo hudumu mpaka simu inayofuata. Mwingine hukimbilia simu yake, bia, au usingizi. Na ipo sura moja ya mtaani kwetu inayojulikana na kila mtu: mdai anabisha hodi, mama anaingia chumbani na kumnong'oneza mtoto, “Mwambie mama hayupo.” Mtoto anasimama mlangoni mbele ya mtu mzima akiwa na uongo mkononi na mama nyuma ya pazia. Somo analolipata hapo kuhusu watu wanaobisha hodi halihitaji maelezo. Hata kama fedha haipo, kutoka na kusema, “Shikamoo mama, sijapata, naomba uniongezee mpaka mwisho wa mwezi,” kunagharimu dakika mbili za aibu, na mtoto anabaki na mfano wa mtu mzima aliyekabili jambo gumu akiwa amesimama.

Kuhusu sala na swala, ambazo kwa wengi wetu ndizo kimbilio la kwanza, sioni sababu ya kuziweka kando. Mzazi anayeomba kisha akaenda kuonana na mwalimu anamwonyesha mtoto mambo mawili mema kwa pamoja. Anayemtaja Mungu ili asilazimike kwenda kwa mwalimu anamwonyesha jambo jingine kabisa.

Chukua daftari na kwa wiki moja andika kila usiku tukio moja la siku hiyo lililokubana. Andika kilichotokea, ulichokisikia mwilini, ulichokifanya ndani ya dakika tano za kwanza, na mtoto alikuwa wapi. Mfano: “Alichelewa kutoka madrasa. Tumbo lilikaza. Nilitoka nikamfuata nikimwita kwa sauti mbele ya wenzake. Aliinamisha kichwa.” Usiandike ushauri wala toba, andika mambo yalivyokuwa. Kufikia mwisho wa wiki utakuwa umeona desturi yako, na mara nyingi ni ile ile moja inayojirudia kwa nguo tofauti.

Tenganisha hatari na wasiwasi

Hakuna mwongozo wa haki utakaomwambia mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa aache kuogopa bodaboda. Hatari ipo, na mtoto asiyelindwa huumia. Ninachopendekeza ni kipimo kimoja: hatari ina jina na mahali, na ina hatua ambayo ukiichukua unapata kutulia. Barabara ya lami ni hatari, na hatua yake ni mtu mzima kumvusha. Kisima kisichofunikwa ni hatari, na hatua yake ni kukifunika. Mtu mzima anayetaka siri na mtoto ni hatari kubwa, na mtoto lazima ajue mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba mwili wake ni wake na kwamba siri ya namna hiyo huletwa nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo usijiambie kwamba ni wasiwasi tu.

Wasiwasi huhama. Umeshamvusha barabara, sasa unawaza atakaa na nani. Mwalimu amemketisha na mtoto mzuri, sasa unawaza kama mtoto huyo ana kikohozi. Ukiona hatua unazochukua hazimalizi jambo bali zinalihamisha, basi jambo lenyewe liko kwako, na hatua inayofuata haimhusu mtoto.

Unachofanya mbele ya mtoto

Mwili hutangulia maneno, kwa hiyo uanze na mwili. Kabla hujafika getini, au kabla hujajibu kilio, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara nne au tano, kisha legeza mabega na mkono uliomshika mtoto. Hii haiondoi wasiwasi. Inaupunguzia sauti kiasi cha kukuwezesha kuchagua la kufanya. Wakati wa kuagana uwe mfupi na ule ule kila siku: kumbatio moja, sentensi moja inayosema nani atakuja kumchukua na baada ya nini, kisha geuka uondoke kweli. Mzazi anayechungulia dirishani baada ya kuaga humwambia mtoto kwamba kumbe lipo la kuchungulia.

Usijifanye huna wasiwasi. Watoto hugundua, na wakigundua bila kupewa maelezo hujitungia yao, ambayo mara nyingi ni mabaya kuliko ukweli. Mwache aone jambo tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake. Kama una kikao kigumu kazini, sema mbele yake ukiwa unapiga pasi: “Kesho nina kikao, moyo unanienda mbio kidogo. Nitaandika mambo matatu ya kusema, nilale mapema, halafu nitakwenda.” Kesho yake jioni malizia: “Nilikwenda. Jambo la pili nililisahau, nikaomba nirudi nyuma, wakanisikiliza.” Sehemu hii ya pili ndiyo wazazi huisahau, na bila hiyo mtoto amebebeshwa hofu bila kuonyeshwa njia ya kutokea. Chagua mambo yanayobebeka kwa umri wake. Deni la nyumba, ugonjwa usiojulikana mwisho wake, na ugomvi wa baba na mama vinahitaji masikio ya mtu mzima mwenzako.

Kisha acha kumjibia, jambo ambalo kwetu lina ugumu wake kwa sababu ya heshima. Mzee amepita, mtoto anatakiwa aseme shikamoo, mtoto amenyamaza, na ile sekunde ya ukimya inamchoma mzazi kwa kuwa mzee atadhani mtoto hakufunzwa adabu. Hapo hutoka ile kauli, “Ana aibu huyu,” au kofi dogo la kisogoni, au mzazi anasalimia kwa niaba yake kwa sauti ya kitoto. Badala yake, wewe msalimie mzee kwanza, vizuri, mtoto akikuona. Kisha mwangalie mtoto kwa uso wa kawaida na uhesabu kimyakimya mpaka tano, kwani watoto wengi wazito huhitaji sekunde hizo, na sisi huwakata wakiwa wamefika ya tatu. Akisalimia kwa kunong'ona, imetosha kwa leo. Mzee ataitika marahaba. Asiposalimia, mwambie mzee kwa utulivu, “Anajifunza, atakusalimia ukipita tena,” na mwendelee na safari. Neno “anajifunza” linamwachia mtoto nafasi ya kubadilika, ilhali “ana aibu” linamfungia. Nyumbani mfanye mazoezi, wewe ukiwa mtoto na yeye mzee, naye ataipenda zamu ya kuitika.

Kumwondolea msaada unaomdhoofisha

Eli Lebowitz na wenzake wa chuo kikuu cha Yale nchini Marekani wametengeneza tiba ambayo mtaalamu hukutana na wazazi tu. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 2020, lenye watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 waliokuwa na matatizo ya wasiwasi, kundi moja la watoto lilipata tiba ya mazungumzo inayotumika sana, na kundi la pili wazazi wao ndio waliokutana na mtaalamu. Matokeo ya kundi la pili hayakuwa duni kuliko ya kundi la kwanza. Kiini chake ni kwamba mzazi hamlazimishi mtoto kubadilika, bali anabadilisha mwenendo wake yeye mwenyewe: anaacha hatua kwa hatua yale anayoyafanya ili mtoto asikutane na hofu yake.

Chagua jambo moja tu. Huenda ni kukaa naye darasani mpaka kengele, kumwombea wenzake wamruhusu kucheza, au kuondoka kwenye sherehe kila anapovuta gauni lako. Mwambie siku moja kabla, mkiwa mmetulia, kwa maneno yenye pande mbili, upande wa kumwelewa na upande wa kumwamini: “Najua ni vigumu kwako nikiondoka. Najua pia unaweza kuvumilia. Kuanzia kesho nitakufikisha mlangoni, sitaingia.” Kisha shika hilo. Siku za mwanzo atalia zaidi, na wazazi wengi huvunjika hapo, wakamfundisha bila kukusudia kwamba akilia kwa muda wa kutosha mpango hubadilika. Mweleze mwalimu mapema ili asishangae, na mpigie simu mtu unayemwamini unapotoka getini. Usimpigie mwalimu.

Pamoja na kuondoa msaada, mjengee ngazi ya kupandia. Huko Sydney, Ronald Rapee na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo wenye woga mambo ya namna hii katika mikutano sita, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja watoto wa wazazi hao walikuwa na matatizo ya wasiwasi machache kuliko wenzao. Sisi tuna ngazi nzuri isiyohitaji kutengenezwa: kutumwa dukani.

Chukua mtoto wa miaka 6 asiyethubutu kuzungumza na watu wa nje, na duka la Mangi linaloonekana kutoka mlangoni kwenu. Kwanza zungumza na Mangi asimtanie wala asimmalizie sentensi. Halafu mwende pamoja, wewe uagize, mtoto atoe hela na kupokea chenji. Hilo likishakuwa la kawaida kwake, yeye ndiye aseme neno moja, “chumvi,” nawe unyamaze. Baadaye aseme sentensi nzima pamoja na salamu. Kisha ubaki nyuma hatua tano, na baada ya siku kadhaa ubaki mlangoni kwenu ukimwangalia. Kitu cha kununua kiwe kile kile, pakiti ya chumvi, ili kigumu kiwe kimoja tu, yaani kusema. Usipande hatua nyingine mpaka ile ya sasa imechosha, mtoto akikuambia, “Tena chumvi?” ujue mmekomaa.

Ipo siku atarudi bila chumvi. Alifika, akakuta watu watatu, akageuka. Utatamani kwenda mwenyewe ukinung'unika, au kumpeleka kaka yake mbele ya macho yake. Usifanye lolote kati ya hayo. Mwambie kwamba alifika mpaka dukani palipokuwa na watu watatu, jambo ambalo wiki iliyopita lisingewezekana, na kwamba kesho mtarudi nyuma hatua moja. Mboga ya jioni hiyo iwe na chumvi ya kuazima kwa jirani, nawe ukaiazime yeye akiona. Na ukumbuke kwamba ukiwa umesimama mlangoni bila kumfuata, huku tumbo limekaza, wewe pia uko kwenye ngazi yako, na mtoto akigeuka kukutazama atauona uso wako.

Kwa wenzake, utaratibu ni ule ule. Asianze na kundi la rede la watoto kumi. Mwalike mtoto mmoja tu, mtulivu, kwa saa moja, kukiwa na jambo la kufanya kwa mikono, kama kujipikilisha au kujenga kwa udongo, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe. Nawe zungumza na mama wa mtoto huyo ukutani au kibarazani. Hayo maongezi yenu ni sehemu ya dawa.

Akigombana na wenzake

Mtoto anaporudi akilia kwamba amefinywa, mguu wa mzazi mwenye wasiwasi huwa umeshatoka nje kuelekea kwa jirani. Mwache amalize kulia kwanza, ukiwa karibu. Kisha uliza kwa utaratibu: ilikuwaje kabla hajakufinya, wewe ulimwambia nini, kesho utamwambia nini? Tungeni pamoja sentensi fupi, “Nirudishie, bado zamu yangu,” mkaisema mara kadhaa kwa sauti imara, kisha arudi kucheza siku hiyo hiyo ikiwezekana. Watoto hupatana upesi kuliko mama zao, na kesi nyingi za mtaani hudumu miezi kwa sababu watu wazima waliingia wakati wahusika wenyewe wamekwisha kusahau. Lakini kuonewa kunakojirudia, kunyang'anywa hela, kuumizwa na mtoto mkubwa zaidi, au kutengwa na kundi zima kwa wiki nyingi, ni hatari kwa kipimo kile tulichokitaja. Nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa na tarehe na matukio yaliyoandikwa, na umwombe hatua, siyo pole.

Haya yote yanahitaji walezi wa nyumba moja waseme lugha moja. Bibi anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 7 ili asilie, au dada wa kazi anayemfuata mpaka dukani kwa huruma, hawana nia mbaya, lakini watabomoa ngazi nzima ndani ya siku mbili. Waeleze mpango kabla haujaanza na uwape sehemu yao.

Kupima hali na kutafuta msaada

Robert Goodman, daktari wa akili wa London, alichapisha mwaka 1997 dodoso la kauli 25 kuhusu tabia za watoto, ambalo leo lina tafsiri nyingi, ikiwemo ya Kiswahili. Kauli tano kati ya hizo zinahusu wenzake: iwapo mtoto hupenda kukaa na kucheza peke yake, iwapo ana angalau rafiki mmoja mzuri, iwapo watoto wengine kwa jumla wanampenda, iwapo huonewa, na iwapo anaelewana na watu wazima zaidi kuliko watoto wenzake. Jiulize hayo matano, kisha umuulize mwalimu, maana mtoto wa nyumbani na mtoto wa shuleni huweza kuwa watu wawili. Ukiwa na haraka ya kuchagua moja, chagua lile la rafiki mmoja. Mtoto mkimya mwenye rafiki mmoja wa kweli hahitaji kutibiwa ukimya wake.

Kwako wewe, wataalamu hutumia dodoso la maswali saba liitwalo GAD-7, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kushindwa kuzuia mawazo ya wasiwasi, kushindwa kutulia, kukasirika upesi na mengineyo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi ni sababu ya kuonana na mtaalamu. Si hukumu ya ugonjwa. Hali kadhalika onana na mtaalamu ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukiacha kutoka nje, au ukijikuta unampiga mtoto kwa hasira usiyoielewa. Kwa Tanzania, hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ina idara ya afya ya akili, na Dodoma ipo Mirembe. Kwa Kenya ipo Mathari jijini Nairobi. Anzia hospitali ya wilaya kama hizo ziko mbali, uombe rufaa. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya, na mzazi pia anaweza kuitumia. Ukienda kwa mtaalamu, chukua lile daftari la wiki moja.

Jambo la mwisho linahusu likizo. Baada ya likizo ndefu ya Desemba watoto wengi waliokwisha kuzoea hurudi nyuma, hukataa kuagana getini, na wazazi hukata tamaa wakidhani kazi ya mwaka imepotea. Anza wiki moja kabla ya shule kufunguliwa: mpeleke mara moja akaone geti likiwa limefungwa, mwalike yule rafiki mmoja, mrudi dukani kwa Mangi kuanzia hatua mbili chini ya ile mliyoishia. Safari hii atapanda haraka, na kwa kawaida siku ya tatu au ya nne anataka atumwe peke yake.